Njaa kando ya msitu: uchambuzi wa kisa cha koala wa Cape Otway

Kisa hiki kimeandikwa kwa wanaosomea au wanaofanya kazi ya usimamizi wa wanyamapori. Kilitokea Cape Otway, rasi iliyo kusini mwa jimbo la Victoria, Australia. Kwa kuwa hatimaye kilitangazwa hadharani, jina la mahali limebaki. Majina ya wenye mashamba, madaktari wa wanyama na maafisa waliohusika yameachwa, pamoja na lolote linaloweza kuwatambulisha. Swali la kisa ni moja: imekuwaje mnyama anayeishi kwa kula majani afe kwa njaa, tena kwa mamia, ilhali msitu wenye majani mabichi uko jirani yake?

Mazingira ya kisa

Koala alikaribia kutoweka Victoria. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20 aliwindwa kwa ajili ya ngozi, na kufikia miaka ya 1920 bara lote la jimbo hilo lilikuwa limebakiwa na wachache mno. Waliomwokoa ni watu waliowahi kupeleka koala kadhaa kwenye Kisiwa cha French, karibu na pwani. Huko hakukuwa na wawindaji, na kwa miaka mingi hakukuwa na klamidia, ugonjwa ambao kwingineko huwaacha majike wengi tasa. Wakazaana mpaka miti ya kisiwa ikaanza kufa.

Dawa iliyopatikana ilikuwa kuwahamisha. Kuanzia miaka ya 1920, na kwa miongo mingi iliyofuata, koala walitolewa kisiwani na kuachiwa kwenye misitu mbalimbali. Wale 18 waliopelekwa Kangaroo Island, katika jimbo la Australia Kusini, kati ya 1923 na 1925 walizaa kundi lililokuja kufikia makumi ya maelfu. Cape Otway ilipata wake mwanzoni mwa miaka ya 1980: koala wasiofika mia, wenye afya njema, wakaachiwa kwenye miti mizuri. Kwenye makaratasi ulikuwa mradi uliofanikiwa, na watalii waliokwenda kuona mnara wa taa walianza kusimamisha magari njiani wapige picha.

Miti yenyewe ina uzito katika kisa hiki. Sehemu ya rasi ina mikaratusi ya aina ya mana gamu (Eucalyptus viminalis), ambayo koala wa kusini huipenda kuliko karibu miti yote. Pembeni yake kuna msitu wa mesmeti (Eucalyptus obliqua), mkaratusi wa aina nyingine, na mashamba ya mifugo yaliyokwisha kufyekwa. Kwa mtu anayepita barabarani yote ni mikaratusi tu. Kwa koala tofauti ni kubwa.

Mnyama na chakula chake

Msomaji wa Afrika Mashariki anaujua mkaratusi. Umepandwa kuanzia Njombe hadi Eldoret kwa nguzo na kuni, na majani yake watu huyachemsha wakajifukiza wakiwa na mafua. Mifugo huyapita bila kuyagusa. Harufu ile kali ni sehemu ya silaha za mti: jani lina mafuta makali, tanini na sumu nyingine kadhaa, nyuzi nyingi, na protini kidogo. Ni chakula kibaya kwa kila kipimo, na ndiyo maana koala ana washindani wachache mezani.

Anachofanya ni kuishi kwa kubana matumizi. Hulala au kupumzika hadi saa 20 kwa siku, na hilo halitokani na kulewa mafuta ya majani kama inavyodaiwa mara nyingi. Ni kwamba chakula chake hakina nguvu ya kumwezesha zaidi ya hapo. Ini lake lina uwezo mkubwa wa kuvunja sumu. Jenomu yake, yaani jumla ya jeni zake, iliyochapishwa mwaka 2018, ilionyesha ana nakala nyingi isivyo kawaida za jeni zinazotengeneza vimeng'enya vya kazi hiyo. Kabla ya kula hunusa. Ukimtazama kwa karibu utamwona akivuta tawi, akipitisha ile pua kubwa juu ya jani, akiliacha, akivuta jingine. Mara nyingi humaliza nusu kilo ya majani kwa siku, na koala dume wa Victoria aliyekomaa ana kilo 12 hivi.

Nyuzi zinashughulikiwa mbali zaidi, kwenye sikamu, ule mfuko uliopo utumbo mwembamba unapokutana na mpana. Kwa koala una urefu wa mita 2 hivi, na umejaa bakteria wanaochachusha kile ambacho mnyama mwenyewe hawezi kukivunja. Bakteria hao hazaliwi nao. Mtoto huzaliwa baada ya mimba ya siku 35 hivi akiwa na urefu wa sentimita 2 na uzito wa nusu gramu, hana macho wala masikio, na hupanda mwenyewe hadi kwenye mfuko wa mama. Akifika miezi sita hivi, mama huanza kutoa kinyesi laini cha pekee kinachotoka kwenye sikamu, na mtoto hukila. Ndivyo anavyorithi bakteria. Kwa hiyo mtoto wa mama aliyekula mana gamu maisha yake yote hurithi tumbo lililozoea mana gamu. Huu ndio msingi wa kisa, na mwaka 2013 ulikuwa bado haujaeleweka vizuri.

Mtiririko wa matukio

Septemba 2011 watafiti wa chuo kikuu kimoja walikuwa tayari wapo Cape Otway, wakifuatilia koala 30 waliovishwa kola za redio. Msongamano katika msitu wa mana gamu ulikuwa koala 10 hivi kwa hekta. Wasimamizi wa Victoria huchukulia koala mmoja hivi kwa hekta kuwa ndicho kiwango ambacho miti hiyo inaweza kukibeba kwa muda mrefu. Maana yake, utafiti ulipoanza hali ilikuwa imekwisha kuharibika, ila miti ilikuwa bado na majani.

Miaka miwili baadaye walikuwa wamezidi 18 kwa hekta. Piga hesabu: koala 18, kila mmoja nusu kilo kwa siku, ni kilo 9 za majani mabichi kutoka hekta moja kila siku, zaidi ya tani 3 kwa mwaka. Mkaratusi ukinyang'anywa majani huchipua upya kwenye shina na matawi kwa kutumia akiba yake ya ndani. Koala hula chipukizi zile kwanza, kwa kuwa ni laini. Mti huchipua tena, akiba hupungua, na baada ya mizunguko kadhaa hufa. Kufikia Septemba 2013, miti saba katika kila kumi ilikuwa haina majani kabisa au imebakiwa na machache sana.

Hapo kila mtu alitarajia koala wahame. Hawakuhama. Wenye kola waliendelea kukaa kwenye vijieneo vyao vidogo, vya hekta moja hivi au pungufu, wakikaa juu ya matawi makavu. Njaa ilipowabana sana baadhi walisogea, lakini mwendo wa mita 150 hivi kwa wastani, na wakaishia ndani ya msitu uleule wa mana gamu uliokwisha kuliwa. Wachache walianza kula mesmeti. Wengi hawakuigusa. Takriban asilimia 70 ya koala wenye kola waliokuwa bado wakifuatiliwa walikufa katika wimbi hilo, na waliokwenda kule walisimulia harufu ya mizoga msituni.

Kati ya Septemba 2013 na Machi 2014, maafisa wa jimbo na madaktari wa wanyama waliingia kwa awamu tatu. Koala hushushwa kwa ufito mrefu wenye kitambaa nchani: unakipeperusha juu ya kichwa chake, naye kwa kukikwepa hushuka kinyumenyume hadi anapofikiwa na kutiwa kwenye gunia. Daktari hupitisha vidole juu ya bega. Koala mwenye afya ana nyama pande zote mbili za ule mfupa wa bega. Aliyekonda, vidole vinakutana na mfupa mtupu. Hutazama pia magego, maana koala mzee mwenye meno yaliyosagika hufa njaa hata penye majani tele. Waliokuwa katika hali mbaya walidungwa sindano na kuuawa. Jumla yao ilikuwa 686.

Umma haukuambiwa. Habari ilitoka Machi 2015, mwaka mzima baadaye, wakati serikali nyingine imekwisha kuingia madarakani.

Maamuzi na sababu zake

Kupunguza idadi kwa risasi mapema hakukuwa mezani. Mwaka 1996 jopo la wataalamu lilipendekeza koala 2,000 wa Kangaroo Island wapigwe risasi. Kelele zilivuka mipaka ya nchi, serikali ikakataa, na kuanzia 1997 ikaanza kuwafunga uzazi kwa upasuaji na kuwahamisha wengine. Sera ya taifa iliyofuata ilikuwa na mwelekeo huohuo. Afisa wa Victoria wa mwaka 2011, hata kama angeona hesabu ya koala 10 kwa hekta na kuielewa, alikuwa hana ruhusa ya kuwapunguza kwa risasi.

Kuwahamisha wenye njaa kulikataliwa kwa sababu za kitabibu. Mnyama aliyekwisha nyama ya mabega hana akiba ya kumvusha siku za kunusa miti mipya na kukosea. Pia misitu mingi ya mana gamu jimboni ilikuwa imejaa koala tayari. Nadhani uamuzi huu ulikuwa sahihi, na ndio uliokuwa mgumu kuutetea mbele ya watu wanaouliza, "Si mngewabeba tu mkawapeleka kwenye majani?"

Kuua walio hoi kulikuwa uamuzi wa ustawi wa mnyama, wala haukukusudiwa kupunguza idadi. Koala anayekufa njaa huchukua muda mrefu. Kila mmoja alipimwa peke yake, na waliopita kipimo waliachiwa.

Kunyamaza kulikuwa uamuzi wa kisiasa. Sababu iliyotajwa baadaye ilikuwa hofu kwamba wanaharakati na wananchi wangeizuia kazi. Hofu hiyo ilikuwa na msingi, kwa kuwa kumbukumbu ya 1996 ilikuwa hai.

Kuanzia 2015 mambo yalibadilishwa. Zoezi la kupima afya lilitangazwa kabla ya kuanza. Majike wenye afya waliwekewa kijiti cha homoni chini ya ngozi, sawa kimsingi na kijiti cha uzazi wa mpango kinachowekwa mkononi katika kliniki zetu. Kundi dogo la koala wenye afya lilihamishiwa msitu wa ndani zaidi wa Otway na kufuatiliwa. Walipoonekana wanamudu, mamia wengine wakafuata mwaka 2016. Wenye mashamba nao walifunga mikanda ya plastiki kuzunguka mashina ya miti iliyobaki ili koala washindwe kupanda, mti upate kupumua.

Matokeo

Idadi ilishuka, zaidi kwa njaa kuliko kwa mkono wa mtu. Baadhi ya miti ilichipua tena ilipoachwa. Sehemu nyingine zilibaki na magogo meupe yaliyosimama, na watu wa pale wakaanza kupanda miche upya. Koala bado wapo Cape Otway.

Tokeo ambalo halikutarajiwa lilitoka maabara. Wachache walionusurika kwa kula mesmeti waliwapa watafiti swali: wana nini wenzao hawana? Michaela Blyton, Ben Moore na wenzao walikusanya kinyesi cha koala wanaokula mesmeti, wakakitia kwenye vidonge vinavyopita tumboni bila kuyeyushwa na asidi, na kuwamezesha koala waliozoea mana gamu. Kundi la kulinganishia lilipewa vidonge vya kinyesi cha wala mana gamu wenzao. Utafiti ulichapishwa mwaka 2019. Bakteria wa tumboni walibadilika, na kadiri walivyobadilika ndivyo koala husika alivyokula mesmeti zaidi. Hawakuitikia wote kwa kiwango kimoja, lakini jambo la msingi lilionekana: kile kilichodhaniwa kuwa ukaidi au uzembe wa mnyama kilikuwa, kwa sehemu, suala la bakteria alioachiwa na mama yake.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi kwanza ni kwamba kola zilifungwa kabla ya janga. Bila zile kola, hadithi ingebaki kwamba koala walihama na kupotea, maana ndivyo kila mtu alivyodhani. Upimaji wa mmoja mmoja nao ulifanya kazi. Machi 2025 radi iliwasha moto kwenye Hifadhi ya Budj Bim, magharibi mwa jimbo hilohilo, na mamia ya koala waliojeruhiwa au kukosa chakula walipigwa risasi kutoka helikopta. Eneo lilikuwa la miamba na miti iliyoungua, hatari kwa watu wa chini, kwa hiyo sababu inaeleweka. Lakini vidole juu ya bega hutambua mengi ambayo darubini kutoka angani haioni, kuanzia nyama ya mgongo hadi mtoto aliye mfukoni, na ukosoaji mwingi uliofuata uliegemea hapohapo.

Kilichoshindwa kinaanzia mbali zaidi ya 2013. Koala wa miaka ya 1980 waliachiwa kwenye kipande cha mti wanaoupenda, wengi wao wakiwa na uwezo kamili wa kuzaa, bila mpango wowote wa siku ambayo kipande kitajaa. Na kisiwa walikotoka kilikuwa kimekwisha kuonyesha nini hutokea. Jike huzaa mtoto mmoja kwa mwaka, jambo linalomfanya msimamizi aone ongezeko ni la polepole. Lakini huyo mtoto mmoja, kwa jike anayeweza kuishi zaidi ya miaka kumi, pasipo magonjwa na karibu bila maadui, hujaza msitu ndani ya kizazi kimoja cha wafanyakazi wa idara.

Vijiti vilichelewa. Hili lisieleweke kuwa vijiti havifai. Vimetumika kwenye misitu mingine ya Victoria tangu miaka ya 2000. Shida ni hesabu yake. Kijiti huzuia midomo ya mwakani na hakipunguzi ya leo. Kwenye koala 18 kwa hekta, hata kama asizaliwe mtoto hata mmoja, waliopo wataendelea kula kwa miaka. Kilipaswa kuwekwa walipokuwa wawili au watatu kwa hekta, wakati hakuna mtalii wala mwandishi wa habari aliyeona tatizo, na bajeti ya kukiweka ingekuwa ngumu kuiomba.

Wasomaji wa Kenya watakumbuka mabishano ya tembo wa Tsavo katika miaka ya 1960: wapunguzwe, au waachwe hali ya hewa iamue? Waliachwa, na ukame wa 1970–71 ukaua maelfu. Wapo wanaosema hadi leo kwamba ulikuwa uamuzi sahihi, kwa kuwa mbuga ilijirekebisha. Hoja hiyo haibebeki hadi Cape Otway. Tembo aliyemaliza miti hula nyasi, na hutembea mbali kutafuta maji na malisho. Koala hana nyasi, na mwendo wake wa mwisho ni mita 150 hivi. Zaidi ya hayo, mti aupendao akiumaliza haujirekebishi kwa mvua ya msimu mmoja. "Kuacha asili iamue" kwenye kipande cha msitu kilichozungukwa na mashamba, chenye wanyama walioletwa kwa lori, ni namna ya kukwepa tu.

Kuhusu usiri, wapo wanaoutetea kwa hoja kwamba kazi ilifanyika na wanyama walipumzishwa. Sikubaliani nao. Gharama yake ilikuja baadaye: kila zoezi la uwazi lililofuata lilianza kwa kujibu swali la 686. Wananchi haohao walioogopwa walipopewa picha za miti iliyokauka na maelezo ya daktari mwaka 2015, kazi iliendelea. Na kuna ugumu wa ziada wa kuieleza hadhira: mwaka 2012 koala wa Queensland, New South Wales na eneo la mji mkuu waliorodheshwa kuwa hatarini, na mwaka 2022 wakapandishwa daraja la hatari zaidi, huku wa Victoria na Australia Kusini wakiwa nje ya orodha. Mtu anayesikia redioni asubuhi kwamba koala wanatoweka, na jioni kwamba wamezidi, ana haki ya kushuku anadanganywa. Hawezi kuambiwa ukweli huo kwa mara ya kwanza katikati ya dharura.

Limebaki suala la vidonge, ambalo wanafunzi hulishangilia mno. Vina nafasi pale koala wachache wanapohamishiwa msitu wenye mikaratusi ya aina tofauti, au mgonjwa anapotoka hospitali baada ya viuavijasumu kumuulia bakteria. Kwa msitu uliojaa havifai. Ili ameze kidonge, koala lazima ashushwe mtini na kushikwa, na kwa kazi hiyohiyo jike angewekewa kijiti. Ukimfundisha kula mesmeti bila kupunguza uzazi, umempa msitu wa pili wa kumaliza.